Nimenunua shamba Pemba, mkataba umeandikwa lakini muuzaji kafariki hajatia saini. Nna haki gani?

FundiWaya_Ole

Assalaam alaykum wadau, na wasokuwa Waislamu habari zenu. Nnaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana, maana najua kuna watu humu watasema "si ungesainisha siku ile ile", nishajitukana mwenyewe vya kutosha.

Kisa chenyewe hichi. Mie kwetu upande wa Ole, kazi yangu umeme wa majumbani, nnaishi Chake. Mwaka juzi mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, namwita ami toka mdogo, akaniambia mwanangu mie umri ushakwenda, watoto wangu mmoja yuko Muskati mmoja Unguja na hakuna anaetaka jembe, lile shamba la bondeni bora ulichukue weye kuliko kulichukua mtu nisomjua. Tukaenda tukalizunguka kwa miguu. Huku mfereji, huku msufi mkubwa, kule juu njia ya ng'ombe, na upande wa kibla shamba la jirani ambae nae alikuwepo anakata majani akasema ndio, mpaka wetu hapo kwenye mwembe. Mikarafuu 43, nimeihesabu mwenyewe, na minazi kidogo na migomba.

Tukapatana milioni 9. Nikampa 4 taslimu nyumbani kwake mbele ya dada yake, mie namwita shangazi, halafu mbili nikamrushia kwa simu na moja nikampa mkononi siku ya Idi. Jumla 7. Imebaki 2.

Karatasi sasa. Nilikwenda duka la kuchapisha Chake, yule kijana ana fomu yake ya siku zote MKATABA WA MAUZIANO YA SHAMBA, akajaza majina, bei, mipaka, chini nukta nukta za muuzaji, mnunuzi, mashahidi wawili na sheha (mkuu wa serikali wa mtaa wetu). Nikaipeleka kwa ami siku ya Alkhamis. Kaisoma yote na miwani yake ile ya kufunga kwa uzi, alipofika chini akasema hili jina la jirani wamelikosea, nenda kalitengeneze, na sheha leo kenda mazikoni Wete, tutie saini Jumamosi sote pamoja tusifanye mambo vipande vipande. Ndo maneno yake. Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu ami kaanguka msalani. Jumapili tumezika.

Nikakaa kimya mpaka ikapita arubaini kwa heshima ya msiba. Shamba lenyewe nnalo toka mwaka juzi, nimepanda mihogo, msimu uliopita karafuu nimechuma na kupeleka kituoni kuziuza mwenyewe na hakuna alosema kitu. Sasa kaja yule wa Unguja ananambia "baba alikuuzia mikarafuu, ardhi hakukuuzia, na kama alikuuzia nioneshe saini". Nikamuonesha karatasi. Akacheka. Mpaka leo nnakisikia kile kicheko.

Nnayo voisi ya ami kwenye WhatsApp anasema "shamba lako hilo mwanangu, lisafishe, mie sina tena cha kukaa nalo". Hii inasaidia? Mkataba usosainiwa ni mkataba au ni karatasi ya kufungia maandazi?

chaza_wa_kojani

Umeliwa yakhe. Saini ndo kila kitu. Pole.

BarazaLaJioni

Na fomu ya duka la kuchapisha! Wale si ndo wanaotoa na barua ya kuomba kazi na kadi ya harusi kwenye kompyuta moja hhhh. Pole lakini, nacheka ila inauma.

dogo_wa_Ilala

Mkuu huna chako. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya 1999, mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi hautekelezeki mpaka uwe kwa maandishi, au kuwe na maandishi yanayoeleza masharti yake, na uwe umesainiwa na yule unaetaka umbane nao. Huyo mzee ndo wa kubanwa na hajasaini. Imeisha hiyo, dai pesa yako kwa warithi.

WakiliMtoro

Dogo wa Ilala, kifungu umekitaja vizuri lakini umekileta kisiwa sicho. Ardhi si jambo la Muungano. Hiyo sheria ya 1999 inaishia ufukweni kwenu, huku tuna zetu, na kila mara mtu akiuliza suala la shamba la Micheweni anajibiwa kwa sheria ya Morogoro.

Fundi, mie nimefanya kazi kwenye ofisi ya wakili miaka kadhaa kabla sijahamia biashara, kwa hiyo nisome kama mtu anaeijua njia, si kama wakili wako.

Watu humu wanachanganya mambo. Kupatana ni kitu kimoja, ardhi kuhama kutoka mkono huu kwenda huu ni kitu chengine. Kupatana kwa mdomo ni makubaliano kamili chini ya sheria yetu ya mikataba, ile Sura ya 149, mtoto wa sheria ya India ya 1872 ambayo Waingereza waliisambaza huku kama walivosambaza reli kwengine. Lakini sheria hiyo hiyo haigusi pale ambapo sheria nyengine imetaka maandishi, na kwenye mali isohamishika zipo zilotaka, ya uhamishaji mali Sura ya 150 ambayo nayo asili yake India 1882, na ya usajili wa nyaraka. Kwa mpango wa sheria hizo mapatano ya kuuza hayakupi ardhi, yanakupa haki ya kumdai mwenzio akuuzie. Hapo ndo watu wengi wanapoteleza.

Halafu juu yake kuna zetu wenyewe. Sheria Namba 12 ya 1992 imesema ardhi yote ya asili Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais, mie na weye tunachomiliki ni haki ya kuitumia. Na Sheria ya Uhaulishaji Namba 8 ya 1994 imesema ukitaka kuihaulisha, yaani kuihamishia mtu mwengine, moja kwa moja lazima upite Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, waangalie nani anauza, nani ananunua, kwa bei gani, ndo waridhie.

Sasa sikiliza hapa maana hutolipenda. Hata kama ami yako angefika Jumamosi ile, akatia saini, jirani akatia saini, sheha akagonga muhuri mpaka ukapasua karatasi, bado ardhi ingekuwa haijahama. Muhuri wa sheha si hati. Ni ushahidi mzuri, sheha anawajua watu wake na anajua shamba la nani, lakini haumalizi kazi ya Bodi. Kwa hiyo yule kijana anaekuchekea kwa sababu ya saini nae hajui anachekea nini.

chaza_wa_kojani

Sasa si umemmaliza kabisa badala ya kumsaidia

WakiliMtoro

Simmalizi, nnamtoa kwenye saini. Akiing'ang'ania ile nukta nukta tupu atashindwa, kwa sababu karatasi ile kaiandikisha yeye, pesa ya kuchapisha katoa yeye, mtu yeyote anaweza kwenda dukani akachapisha kuwa kauziwa jumba la Beit al-Ajaib. Nguvu yake ni vile vitu vyengine, pesa ilopita kwenye simu na tarehe zake, jirani alosimama mpakani, shangazi alokuwepo pesa zikihesabiwa, na kuwa yumo shambani analima na kuchuma mchana kweupe na mwenyewe yu hai anaona. Hivyo vikisimama ndo hata ile karatasi inaanza kusema, maana bei ilo ndani na mipaka ilo ndani inalingana na wanavosema watu.

Voisi usiifute na usitosheke kuituma kwa watu, simu yenyewe iweke. Sheria ya Ushahidi ya 2016 inapokea ushahidi wa kielektroniki lakini wataulizia imetoka wapi na nani kaishika. Pahala pa kesi ni Mahakama ya Ardhi, ilianzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Na hata mambo yakiwa mabaya kabisa, mtu alopokea faida kwa mapatano yaliyobatilika anatakiwa airudishe, kwa hiyo milioni 7 hazipotei kwa sababu tu ya saini. Zinadaiwa kwenye mali ya marehemu.

maalim_kengeja

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Mimi si mtu wa sheria za Waingereza wala za Bodi, nitasema upande wangu.

Katika fiqhi bei inatimia kwa ijabu na kabuli. Muuzaji aseme nimekuuzia, mnunuzi aseme nimekubali, kitu kijulikane, thamani ijulikane, na muuzaji awe anamiliki anachouza. Kuandika hakumo katika nguzo. Ndiyo, Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara aya ya 282, na hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ametuamrisha tuandike madeni, na akasema shuhudisheni mnapouziana, lakini wanavyuoni wengi wameichukulia amri hiyo ni ya kupendekezwa, si ya kuwa bila ya hivyo bei haisihi. Kwa hiyo mbele ya Mungu, ikiwa ami yako alikuuzia ardhi, ni yako, na anaeizuia anakula mali ya mtu. Na ikiwa hakukuuzia, basi zile milioni 7 ni deni, na deni linatoka kabla ya warithi hawajagawana hata kijiko.

Msiseme kuwa kwa kuwa hakuna saini basi hakuna kitu. Wazee wetu wameuziana mashamba kwa kushikana mikono na yapo mpaka leo.

NipoVuga

Maalim kwa heshima zote, na kesi za hayo mashamba ya kushikana mikono nazo zipo mpaka leo, nenda Mahakama ya Ardhi asubuhi yoyote ukae kwenye benchi uone. Wazee wameshikana mikono wakafa, sie wajukuu tunashikana mashati. Na hili Mahakama ya Kadhi hailiwezi, kule ni ndoa na talaka na mirathi, mnunuzi anaegombania shamba anaambiwa aende kwengine.

maalim_kengeja

Sijasema aende kwa kadhi. Nimesema asidhulumiwe. Mashati mnashikana kwa sababu ya ukosefu wa uaminifu, si ukosefu wa kalamu.

NipoVuga

Basi na kalamu tuwe nayo maalim, itusaidie uaminifu ukipungua

mpemba_baridini

Niko Uingereza mwaka wa 19 huu, nakupa na ya huku uone kuwa suala lako si la Ole peke yake. Hawa watu walitunga sheria mwaka 1677 kwa ajili ya balaa kama lako, ya kuzuia udanganyifu, kwa sababu mtu alikuwa anakuja mahakamani na mashahidi wa kukodi anadai kauziwa ardhi kwa mdomo, na kwa taratibu za zama zile wenye kesi wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kutoa ushahidi, yaani unashtakiwa kuwa umeuza shamba lako na mdomo hutakiwi kufungua. Wakasema basi, ardhi hakuna kudaiana mpaka pawe na maandishi yalosainiwa na yule anaedaiwa. Marekani majimbo karibu yote yamerithi hiyo mpaka leo, na huko hata imeili inaweza kukufunga ikionekana ulikusudia iwe saini yako, wana sheria ya nchi nzima toka 2000 inayosema saini isikataliwe kwa sababu tu ni ya kielektroniki.

Huku kwetu walikaza zaidi mwaka 1989. Sasa masharti yote yawe ndani ya waraka na pande zote mbili zitie saini, bila ya hapo hakuna mkataba kabisa, si kwamba upo ila haudaiki, haupo. Nilipokuwa nanunua nyumba yangu tulikubaliana bei, mwenye nyumba kanipa mkono, kanipikia chai, wiki tatu mbele kauza kwa mwengine alomuongezea. Sikuwa na pa kwenda kushtaki. Chai yenyewe haina sukari.

LAKINI. Na wao waliona sheria kavu inaweza kuwa chombo cha dhulma, kwa hiyo majaji wameacha mlango. Kuna kesi ya Thorner na Major ya 2009, ilifika mpaka House of Lords. Mtu kafanya kazi kwenye shamba la binamu wa baba yake karibu miaka 30 bila mshahara, mzee wa maneno machache, hakuwahi kumwambia waziwazi "nitakupa", alikuwa anadokeza tu, halafu kafa bila wasia. Hakuna karatasi, hakuna saini. Akapewa shamba, kwa sababu mzee alimfanya aamini, yeye akaamini akatumia umri wake, ingekuwa dhulma kumgeuka. Sisemi Mahakama ya Ardhi ya Pemba itafuata hiyo, nnasema hoja yako ni hiyo hiyo, alikuaminisha ukaingia ukalima.

bi_mkubwa_wawi

Mwanangu fundi, hawa wote wanakuzungusha kwenye vitabu, mie nakuuliza la udongo. Huyo mtoto wa marehemu kasema umeuziwa mikarafuu, ardhi hukuuziwa. Hajasema upuuzi. Pemba hii miti mbali na ardhi mbali toka enzi za mababu. Mtu ana mikarafuu yake kumi ndani ya shamba la mtu na anauza na anarithisha na mwenye ardhi hana neno. Hata hiyo sheria ya 92 anayoisema WakiliMtoro inaijua, miti inaweza kusajiliwa ina mwenyewe mbali. Na tukisema "nimeuza shamba" wengine tunakusudia miti, wengine tunakusudia kila kitu mpaka mawe.

Sasa jitazame na maneno yako mwenyewe. Umesema mikarafuu 43, nimeihesabu. Ardhi ukubwa wake hujautaja hata mara moja. Anaenunua ardhi hupima, anaenunua miti huhesabu. Mie ningekuwa upande wa yule kijana ningekuuliza hilo tu nikakaa chini.

Na la pili, hilo shamba la urithi au la eka? Kama ni eka tatu zile walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi, basi ujue zile Serikali iliwapa watu watumie na watoto wao warithi, si mali ya kuuziana barazani.

BarazaLaJioni

Bi mkubwa kaingia na panga

WakiliMtoro

Bi mkubwa kanishinda, nakiri. Nilikimbilia saini na Bodi nikaruka swali la kwanza, nini khasa kiliuzwa. Fundi, ile voisi "shamba lako hilo, lisafishe" inafaa kuonesha kuwa mliuziana. Haisemi mliuziana nini. Jibu swali.

FundiWaya_Ole

Bi mkubwa umenikosesha usingizi wallahi. Ukubwa sikupima kwa kweli. Tulizunguka tu.

Lakini fikiri na upande huu, kwa nini anizungushe mipaka yote minne kama ananiuzia miti? Miti angenionesha miti, huu wako huu wako tukamaliza. Na mihogo nimepanda mbele ya macho yake, kaja kaniambia "upande ule kuna mchwa, panda huku". Mwenye miti tu angepanda wapi mihogo, kwenye ardhi ya watu? Na fomu imeandikwa "shamba pamoja na vilivyomo", kaisoma yote mpaka kaona kosa la jina la jirani. Kama ardhi haimo angelisema siku ile.

Si eka, la urithi kutoka kwa baba yao, yaani babu. Hilo nalijua kwa sababu kaburi la babu lipo pale pale juu ya njia.

bi_mkubwa_wawi

Hapo kwenye mipaka umejibu vizuri, nimekubali. Na la mihogo zuri. Ila umenifungulia jengine. Babu kafa kaacha nani?

FundiWaya_Ole

Ami na shangazi. Bibi alitangulia kabla ya babu, wengine walikufa wadogo.

bi_mkubwa_wawi

Na waligawana?

FundiWaya_Ole

...

Sijui

maalim_kengeja

Basi nenda kaulize kabla ya kwenda kwa wakili. Mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mwanamume fungu mbili mwanamke moja. Theluthi ya shamba ile ni ya dada. Nimetaja juu kuwa muuzaji auze anachomiliki. Ami yako hawezi kuuza theluthi ya dada yake bila ya idhini yake, hata angesaini kwa damu.

Na zaidi, dada akiwa mshirika katika mali isogawiwa, ana haki ya shufaa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii jirani hana shufaa, lakini mshirika anayo, anaweza kuchukua kile alichouza mwenzake kwa bei ile ile. Ila aidai mara tu anapojua, asikae mwaka mzima ndiyo akumbuke. Yeye alikuwepo pesa zikihesabiwa akanyamaza.

dogo_wa_Ilala

Nilikuja na kifungu 64 nimeishia kujifunza shufaa. Uzi huu nauseiv

ukhty_makunduchi

Mie nacheka na kulia. Kwetu huku kusini ndo kila siku, kiwanja cha pwani kimeuzwa na kaka, dada yuko Dubai anaona picha ya hoteli inajengwa kwenye kitanda cha mwani cha mama yake. Mnunuzi ana karatasi IMESAINIWA na bado ana kesi. Saini ya mtu asiekuwa na haki nayo ni wino tu.

mpemba_baridini

@ukhty_makunduchi hiyo sentensi ya mwisho wangeifundisha pale kwenye maduka ya kuchapisha

FundiWaya_Ole

Nimerudi wadau. Wiki mbili kimya nilikuwa nazunguka. Marefu kidogo.

Nilikwenda kwa shangazi na unga na sukari, nikakaa, sikuanza na shamba, tukaongea maradhi ya goti lake. Halafu nikamuuliza taratibu, shangazi, shamba la bondeni mligawana na kaka yako? Akaniambia hatukugawana, tulikuwa tunakula karafuu pamoja, yeye anaokoa mie ananiletea changu, siku nyengine analeta siku nyengine analeta maneno. Kucheka. Nikamuuliza siku ile pesa zile ulijua za nini? Akanitazama kama mie ndo mjinga, akasema "kaka alinijia usiku wake akaniuliza, dada, tuuze udongo wa baba? Nikamwambia uza, udongo hauliki, mie nataka bati".

Udongo wa baba. Si mikarafuu. Nilitamani nimrikodi lakini niliona haya.

Sasa hili ndo lilonimaliza. Katika zile milioni 4 ami alimpa milioni 1 usiku ule ule, bati za nyumba yake ndo zile. Nikamwambia basi imebaki milioni 2 kwangu sijalipa. Akasema naam, zile mbili kaka alisema zangu, alisema fundi akimaliza zile zinakuja kwako moja kwa moja.

Nimekaa kwenye daladala narudi Chake napiga hesabu kwa vidole. Theluthi ya 9 ni 3. Moja kapewa, mbili zimebaki. Ami alikuwa ameshapiga mirathi yake kichwani yote, bila karatasi, bila kumwambia mtu ila dada yake.

bi_mkubwa_wawi

Allah amrehemu. Mzee wa watu alikuwa na hesabu zake.

NipoVuga

Aamin. Maalim hapa nakupa, uaminifu ulikuwepo. Lakini angeandika!!

maalim_kengeja

Nakubali, angeandika.

WakiliMtoro

Hii imebadilisha kila kitu. Kwanza kama dada kakubali kabla ya mauzo na kala sehemu ya bei, lile tundu la muuzaji kuuza kisicho chake limezibika. La pili ndo la kumwambia yule kijana kwa upole, bila ya kelele. Akishinda akasema mauzo hayakuwepo, shamba halirudi kwake. Linarudi kwenye mirathi ya babu ambayo haijafanywa, theluthi inakwenda kwa shangazi kwanza, na kilichobaki kinadaiwa milioni 7 zako kabla yeye na ndugu yake hawajagawana. Mwambie apige hesabu hiyo halafu aicheke ile karatasi tena.

Na usiende mahakamani kwanza. Nenda na shangazi kwa sheha, aite kikao, yaandikwe yalosemwa na kila mtu aweke saini au dole. Halafu mirathi ifunguliwe, na ni mbili si moja, ya babu kisha ya ami, kwenye Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana watawaelekeza, na deni lako lijulishwe huko mapema. Wakishatambulikana warithi ndo wao sasa wanakuwa wauzaji, wanasaini upya, mnapima shamba, mnapeleka Bodi. Ile karatasi ya kwanza usiichane, iambatanishe.

FundiWaya_Ole

Kikao kilikuwa jana baada ya Laasiri, kwa sheha, chini ya mwembe maana ndani joto. Alikuwepo shangazi, yule wa Unguja, jirani, imamu na mie. Sikusema kitu mwanzo. Sheha akampa nafasi shangazi, akasema maneno yale yale, udongo wa baba, bati, na zile mbili. Yule kijana akawa anaangalia chini. Kumbe hata kuwa shangazi ana fungu pale hakuwa anajua, yeye kakulia Unguja, anajua shamba la baba basi. Akamuuliza "shangazi mbona hukusema?" Akamwambia "ulikuja na hasira hukuniuliza".

Hakuomba radhi kwa kile kicheko na mie sikumdai. Lakini kasaini muhtasari wa kikao, shangazi katia dole, jirani kasaini, sheha kagonga muhuri. Najua muhuri si hati. Ndugu yake wa Muskati tumempigia pale pale kwa video, kasema hana neno, atatuma uwakala kwa mdogo wake ili asiwe kikwazo.

ukhty_makunduchi

Maashallah!! Na karafuu za mwaka huu nani anachuma? Maana hapo katikati ndo huanza tena

FundiWaya_Ole

Umeuliza alilouliza imamu. Nachuma mie, gharama za wachumaji natoa mie, pesa ya kituoni inakaa kwa shangazi mpaka Bodi ijibu, kimeandikwa hicho kwenye muhtasari. Zile milioni 2 za bei nazo nitampa shangazi mkononi siku tukisaini kwa warithi, mbele ya sheha. Shamba tunapima wiki ijayo, bi mkubwa usinigombeze tena.

Leo asubuhi nilipita dukani kwa yule kijana wa kuchapisha atengeneze mkataba mpya. Jina la jirani nimelisoma mara tatu kabla hajabonyeza.